Nataka kufundisha haki kwenye kipindi cha Kiingereza, lakini darasa linanyamaza

Walimu wa safu hii, habari za kazi.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule ya kata wilayani Urambo, mkoani Tabora. Mkondo wangu una wanafunzi 74, wengi wao watoto wa wakulima wa tumbaku. Mwanzoni mwa mwaka mahudhurio hushuka, kwa sababu majani yanavunwa na mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, yanahitaji mtu wa kuchochea moto usiku kucha. Na kila baada ya likizo kuna wasichana ambao hawarudi. Mtaani kila mtu anajua wameenda wapi, ila shuleni hatulisemi.

Fasihi tunayosoma inazungumza mambo haya haya: mahari, ndoa ya kulazimishwa, unyonyaji, rushwa. Nikaona nisiishie kwenye kuorodhesha dhamira kwa ajili ya mtihani. Niliandika ubaoni "Is child labour a problem in our village?" nikawaambia wajadili. Kimya. Mwishowe kijana mmoja akasema kwa Kiswahili kwamba nawasema wazazi wao. Baada ya siku chache mzazi alifika shuleni kulalamika kuwa mwalimu wa Kiingereza anawafundisha watoto kugoma kazi za nyumbani. Mkuu wa shule hakunikemea, ila alinitaka nifundishe muhtasari na siasa niwaachie wenyewe. Mwalimu wa taaluma naye ananikumbusha matokeo ya somo langu kila tukikutana.

Sitaki kuacha. Naomba mnielekeze: nianzie wapi, niwafanyeje waongee, na niwajibu nini mzazi na mkuu wa shule?

Mwalimu wa Kiingereza, Urambo

*

Mwalimu, pole kwa hayo, na hongera kwa kutotaka kuacha.

Tuanze na lile swali la ubaoni, maana ndilo lililofunga midomo. Liliwataka watoto wawashtaki wazazi wao mbele ya wenzao, tena kwa lugha ambayo hawakuwa na maneno yake. Mtoto wa kidato cha tatu aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaweza kuwa na mawazo mazito kuhusu deni la mbolea, lakini kwa Kiingereza anaishia "It is bad." Anajua akiinuka atachekwa, kwa hiyo hainuki. Kimya kile msikihesabu kuwa ni kutojali.

Haki kwenye kipindi cha Kiingereza ipitie kwenye maandishi. Mwanafunzi awe na kitu mbele yake anachoweza kukiwekea kidole na kusema: nasema hivi kwa sababu ya mstari huu. Hapo mjadala unahama kutoka kwa baba yake na kuhamia kwenye sentensi, na sentensi ndiyo kazi yako wewe kitaaluma. Mada ikiwa nzito, lugha iwe nyepesi. Ukiviweka vyote viwili vizito kwa pamoja, kipindi kinakufa.

Mahali pazuri pa kuanzia ni sarufi. Kauli ya kutendwa unaifundisha kila mwaka. Wanafunzi wanageuza "Juma kicked the ball" mpaka wanachoka, na hakuna anayejua ni ya nini. Chukua vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na uandike kwenye manila, kwa herufi zinazosomeka hadi dawati la mwisho, habari hii ya kubuni:

"The tobacco was carried to the market on Monday. Two bales were rejected. The rest was put in a low grade. The cost of fertiliser was deducted. The children were kept at home in February. Nobody was asked."

Sentensi sita tu. Usiwape wanakili kwanza. Darasa la watu 74 likianza kunakili, robo ya muda imeondoka. Bandika manila mbili zinazofanana, moja mbele na nyingine ukuta wa pembeni.

Dakika kumi za mwanzo ni za maneno: mtumba wa tumbaku, daraja, kukataliwa, kukatwa gharama, deni. Kwa Kiswahili wanayajua yote, kuliko wewe pengine. Wape Kiingereza chake na wayatamke pamoja. Paulo Freire alipofundisha watu wazima kusoma huko Angicos, Brazil, mwaka 1963, alianzia kwenye maneno ya maisha yao, na mpango ule ulikuwa wa saa kama 40 hivi kwa watu wapatao 300. Neno ambalo mtu analiishi halimtoki haraka.

Kisha uliza swali moja kwa kila sentensi: nani? Nani aliyebeba, nani aliyekataa mitumba, nani aliyeweka daraja la chini, nani aliyekata gharama? Wagawe vikundi vya watano watano, utapata 15, kimoja kikiwa cha wanne. Kila kikundi kiandike sentensi upya kikimtaja mtendaji: "The buyer rejected two bales." Nne za mwanzo zitaenda haraka. Ya tano ndiyo itakayowasha darasa. Wengine wataandika "Their father kept the children at home." Wengine "The debt kept the children at home." Anaweza kutokea mmoja akaandika "The low price kept the children at home." Usiamue aliye sahihi. Kisarufi zote zinasimama. Mwambie kila mmoja aongeze "because" na atafute ushahidi kwenye sentensi nyingine za habari ile ile. Aliyesema deni atarudi kwenye mbolea. Aliyesema bei atarudi kwenye daraja. Aliyesema baba ataulizwa na mwenzake kama baba alikuwa na namna nyingine. Huo ndio mjadala uliokuwa ukiutafuta, na hakuna mzazi wa mtu aliyetajwa.

Sentensi ya sita iache mwisho. "Nobody was asked" haigeuki kirahisi, kwa sababu lazima kwanza waamue nani alipaswa kuuliza na nani alipaswa kuulizwa. Watakaomaliza mapema wape hiyo.

Makosa yatakuwepo. Utasikia "The bales was rejected by buyer." Siku hiyo sahihisha "was" na "were" peke yake, "the" iliyokosekana iache kipindi kijacho. Ukikatiza kila sentensi kwa makosa matatu, wenye hoja watarudi kwenye ukimya wao. Kuna kosa jingine ambalo ni letu walimu: kuwaambia kwamba kauli ya kutendwa ni ya kuficha waovu. Si kweli kila mara. "A child was injured" inamtanguliza aliyeumia, na ripoti za hospitali na maabara huandikwa hivyo kwa sababu nzuri. Wafundishe kuuliza ni nani kaachwa nje na kwa nini, kisha wafanye pia zoezi la kawaida la kugeuza sentensi bila kubadili maana, kwa kuwa ndilo watakalokutana nalo kwenye mtihani.

Kuhusu kuongea. Ruhusu Kiswahili dakika saba za mwanzo ndani ya kikundi, na uzitangaze wazi ili wasione wanaiba. Dakika hizo ni za kutafuta wazo. Baada ya hapo Kiingereza, kwa kutumia vianzio vya sentensi ulivyoviandika upande mmoja wa ubao: "The text says..., but it does not say..." "I agree with group four because..." "Who gains if...?" "I see it differently. Look at sentence..." Vinne vinatosha. Vikifika kumi wanasoma ubao badala ya kusikilizana. Tatizo la vianzio ni kwamba mwanafunzi anasoma kianzio halafu anakwama katikati, kwa hiyo chini yake weka vitenzi vitano sita vya siku hiyo. Msemaji wa kikundi apatikane kwa namba, si kwa kujitolea, la sivyo utasikia sauti zile zile za wavulana wa mbele mwaka mzima. Hesabu kimyakimya wasichana wangapi wameongea. Na kama shuleni kwenu bado kuna kibao cha kumvisha anayeongea Kiswahili, kisiingie kwenye kipindi chako. Huwezi kumfundisha mtoto usawa huku umemning'inizia aibu shingoni.

Sasa fasihi. Tuchukue tamthilia ya "Three Suitors: One Husband" ya Guillaume Oyono-Mbia wa Cameroon, ambayo walimu wengi hapa nchini wameifundisha. Hata kama haipo kwenye orodha ya darasa lako, njia ni ile ile kwa kitabu chochote chenye mahari. Juliette, msichana anayetafutiwa mume, akiwa masomoni, ndugu zake wanapokea faranga 100,000 kutoka kwa Ndi, mkulima. Anaporudi likizo, wanapokea 200,000 kutoka kwa Mbia, mtumishi wa serikali. Mwalimu akiishia kuandika ubaoni "Theme: forced marriage", wanafunzi wataikariri na kuisahau. Wape kazi ya kuhesabu. Kila kikundi kichukue kurasa chache na kuweka alama: nani anaongea kuhusu ndoa ya Juliette, na Juliette mwenyewe anaongea mara ngapi. Halafu waandike kwa kila mhusika anapata nini ndoa ikifungwa: baba, babu, kaka, mama. Mama wasimpite haraka, kwani hapo wataona kwamba anayebanwa na desturi anaweza pia kuisimamia. Mwishoni wamtazame Juliette anavyozichukua zile 300,000 na kumpa Oko, mwanafunzi anayempenda, amlipie mahari yeye mwenyewe. Je, ameishinda desturi au ameitii kwa ujanja? Swali hilo halina jibu moja, na ndilo linalotoa insha nzuri.

Mwalimu wa taaluma atafurahi zaidi hapa. Mtihani wa taifa hutaka hoja iungwe mkono na tukio kutoka kitabuni. Mwanafunzi anayeandika ukurasa mzima kwamba ndoa za kulazimishwa ni mbaya na serikali ikomeshe amehubiri, na mahubiri hayana alama. Aliyehesabu sauti za wahusika ana matukio mkononi: nani alisema nini, wakati gani, kwa faida ya nani. Kwenye insha zako gawa alama 20 hivi: 8 za lugha, 7 za ushahidi wa kitabuni, 5 za kueleza kwa haki mtazamo ambao mwandishi haukubali. Hakuna alama ya kukubaliana na mwalimu. Waambie hivyo mapema, kwa sababu watoto wetu ni hodari sana wa kunusa jibu analolitaka mwalimu.

Pambanua maswali yaliyo wazi na yaliyofungwa. Je, wanafunzi wa mbali wajengewe bweni au barabara? Bei ya tumbaku ipangwe kwa dola au kwa shilingi? Hayo ni wazi, weka mdahalo. Lakini usiweke mdahalo kama mtu mwenye ualbino ana haki sawa na wengine, au kama mwanafunzi anaweza kuozwa. Kuna mtoto darasani ambaye utu wake ndio unaopigiwa kura. Hayo yasome kama habari na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi hatarishi kwa mtoto yeyote. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021 aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Aya moja ya mambo hayo, kwa Kiingereza chepesi, ni zoezi zuri la ufahamu. Yupo atakayeisoma akimfikiria dada yake.

Kwa mdahalo wenyewe mna hazina hapo hapo mkoani. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere alitetea kushiriki, Zuberi Mtemvu akapinga na baadaye akaondoka kuunda chama chake. Wanafunzi wagawanywe kwa kura, si kwa matakwa, ili nusu ya darasa itetee upande wasioupenda. Wasemaji wanne kila upande, dakika tatu tatu, halafu maswali, halafu kila mtu aya moja daftarini.

Jambo ambalo hatutaki ulichukulie kwa wepesi ni usalama wa watoto. Kamwe usitoe insha ya "andika kilichokupata wewe". Hata bila kuitoa, siku moja utakuta kwenye daftari sentensi mbili kuhusu mjomba, au kuhusu mahari iliyokwisha kupokelewa. Usiisome mbele ya darasa, wala usiandike maoni marefu kwa wino mwekundu kwenye daftari linalorudi nyumbani. Mwite mtoto mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Msikilize, usimhoji. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia nani na kwa nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Siku hiyo hiyo mfikishie mkuu wa shule na mwalimu wa malezi na unasihi, ili jambo liende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haitozwi. Usikimbilie kumpigia mzazi kabla hujajua kama mzazi ni sehemu ya tatizo. Kwa hiyo kabla hujaanza masomo haya, kaa na mwalimu wa unasihi mkubaliane nani anafanya nini. Ukifungua mlango ambao nyuma yake hakuna mtu, unamwumiza mtoto mara ya pili.

Kwa mkuu wa shule, usiende na neno haki, nenda na andalio la somo. Safu ya umahiri iseme kauli ya kutendwa, ufahamu, au kutoa hoja kwa ushahidi. Mwonyeshe kwamba mtaala wenyewe unataka masuala mtambuka kama jinsia na haki za mtoto yaingizwe kwenye masomo. Anachoogopa ni kuulizwa na diwani au mdhibiti ubora akakosa la kujibu. Mpe la kujibu, kisha mwalike akae nyuma kwenye kile kipindi cha sentensi sita. Na usifanye hivi kila siku: kipindi kimoja kila wiki mbili kinatosha, vingine viende kama kawaida. Kile cha tumbaku kiweke baada ya mavuno, watoto wakiwa wamerudi. Kukifundisha Februari ni kuwasema wasiokuwepo.

Mzazi yule usimwepuke. Ana hoja: bila mikono ya nyumbani zao linaozea shambani, na deni halisamehewi. Anza naye kwenye afya. Nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande au maji ya mvua, na mtu hupata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu; kinga ni kusubiri umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glovu, na kubadili nguo zilizolowa. Watoto miili yao ni midogo, wanaumia upesi zaidi. Tengeneza habari ya ufahamu ya maneno kama 120 kuhusu hilo, wanafunzi waisome kwa Kiingereza, halafu kazi ya nyumbani iwe kumweleza mzazi kwa Kiswahili au Kinyamwezi na kurudi na swali moja ambalo mzazi ameuliza. Maswali hayo ndiyo yatakuwa matini ya kipindi kinachofuata, na mzazi atajua mwanawe anafundishwa nini kabla hajasikia kwa watu.

Ukishafanya kipindi cha kwanza, tuandikie sentensi ya tano waliigeuza vipi.